Mapumziko ya Asiye na Kazi

Katika Kituo cha Jamii cha Lipovik, wanawake kumi na wanane walikuwa wakifundishwa kuketi.

Usicheke. Ilikuwa Jumanne ya mwisho wa Novemba, saa nne asubuhi, viti vimepangwa nusu duara, na msichana aitwaye Tijana alikuwa anaeleza kwamba mgongo unyooke lakini usikakamae, magoti yaungane, na mikono ilale mapajani kama mikono ya mtu asiye na haraka. Mwajiri, alisema, humpima mtu kwa sekunde saba za kwanza. Tijana alikuwa na miaka ishirini na sita. Hajawahi kuketi kazini popote isipokuwa hapo Kituoni, tena kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu.

Stanojka Vidić alikuwa ameketi miaka ishirini na nne. Aliketi katika Kiwanda cha Mashati, mstari wa tatu, cherehani ya kumi na moja, akishona kola, mia nne na themanini kwa zamu, na msimamizi akipita nyuma na saa mkononi. Mgongo wake ulijikunja kwa umbo la kazi hiyo. Sasa, akiwa na miaka hamsini na mitatu, alikuwa anaambiwa kwamba umbo hilo ndilo linalomkosesha kazi.

Jirani yake wa ghorofa ya chini, Bisenija, ambaye zamani alikaa cherehani ya kumi na mbili, alikuwa ndiye mkorofi wa darasa. Wiki iliyopita walipewa karatasi yenye swali la udhaifu wako mkubwa ni upi, naye akaandika "meno". Tijana akamwomba kwa upole aandike udhaifu ambao mwajiri ataupenda. Bisenija akafikiri, akasema basi aandike kwamba hana hamu ya kula.

Walikuwa wanakuja kwa sababu wasipokuja wanafutwa. Kila aliyemo kwenye orodha ya Kituo anahesabika kuwa "mtafuta kazi hai", na mtafuta kazi hai ana kadi ya matibabu. Ukikosa mwito bila sababu, unaacha kuwa hai kwa miezi sita. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa, na aliyeandika hakuona aibu.

Jengo lenyewe walilijenga wao. Miaka mitano mfululizo mishahara ya mji mzima ilikatwa asilimia mbili kabla haijafika mikononi, na baba yake Stanojka alibeba matofali hapo Jumapili kwa Jumapili, kwa sababu walitaka ukumbi wa kuchezea ngoma zao na kuonea sinema. Leo mlangoni kuna kibao cha shaba chenye majina kumi na moja ya wafadhili. Hakuna hata jina moja la mtu aliyekatwa mshahara.

Na mkurugenzi wa Kituo ni Predrag Malešev. Wenye kumbukumbu fupi wanamwona mtu mpole, mwenye sweta nzuri, anayeshika watu bega. Wenye kumbukumbu ndefu wanamkumbuka akiwa katibu wa vijana wa chama, na baadaye mjumbe wa tume iliyouza Kiwanda cha Mashati. Alipanda juu ya kreti pale langoni, akawaambia wafanyakazi mia sita kwamba mnunuzi ni mtu makini. Mnunuzi makini akang'oa vyerehani, akavipakia kwenye malori mawili, akauza mabati ya paa kwa kilo, akatoweka. Miezi mitatu ya mwisho watu walilipwa kwa vitambaa vya mashati badala ya mshahara. Predrag alitoka humo akaingia kwenye kiti kingine, na kutoka hicho kingine tena. Mtu huyu hajawahi kukaa siku moja bila kazi. Labda ndiyo maana alionekana anafaa kuwafundisha wengine kuitafuta.

Somo la kuketi lilipokwisha, Tijana akatoa habari, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba wanawake wale waliketi wima bila kuambiwa. Kiwanda kipya cha kushona kava za viti vya magari, kule kando ya barabara kuu, kinataka washonaji wanane. Kazi ya kweli, zamu ya kweli, bima. Tume yao itakuja hapa Kituoni Jumanne, tarehe tisa Desemba, saa tano asubuhi, iwaone wote kumi na wanane.

Stanojka akanyoosha mkono kama mtoto wa shule, akajichukia kwa kuunyoosha.

"Binti, tarehe tisa ni slava yetu."

"Mtakatifu Alimpije?" Tijana akauliza.

"Alimpije."

"Aa, basi mama Stano, slava ni slava. Nani atamtoa mtu nyumbani kwake siku ya mtakatifu wake? Tume inakaa siku mbili, wewe utakuja tarehe kumi." Akaandika kwenye kikaratasi cha njano, akakibandika pembeni ya kompyuta, karibu na vingine kama kumi hivi.

Stanojka hakuomba barua. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa kwetu tu ndiye angelifanya. Miaka ishirini na nne kiwandani hakuna aliyeomba barua kwa ajili ya slava. Ulimwambia msimamizi tarehe, akaweka alama kwenye daftari lake, na jioni yeye mwenyewe alipanda ngazi zako akala chakula chako. Harusini mtu hualikwa, ubatizoni hualikwa. Kwenye slava, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba, hualikwi. Unaijua siku ya nyumba fulani, unakwenda, na mwenye nyumba anakupokea awaye yote. Kumwomba mtu karatasi ya kuthibitisha slava ni kama kumwomba karatasi ya kuthibitisha kwamba mama yake amekufa.

Ila Kituo, ukitazama vizuri, karatasi ya kifo cha mama kinaitaka.

*

Mumewe, Radisav, alikuwa amefanya kazi miaka thelathini kwenye tanuru la kusubu chuma, na tanuru lile lilikuwa limehamia kifuani mwake. Akipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu alisimama mara nne. Alipoomba pensheni ya ugonjwa, madaktari watatu walimtazama kwa dakika sita, wakaandika kwamba amebakiwa na uwezo wa kazi nyepesi. Kazi gani hawakusema. Radisav alidhani labda kupuliza maputo.

Kwa hiyo hana pensheni mpaka umri utimie, na bado miaka saba. Dawa yake ya kuvuta, yale makopo madogo mawili kwa mwezi, inatoka kwa kadi ya matibabu, na kadi inaishi kwa jina la Stanojka kwenye orodha ya Kituo. Jina likifutwa, kopo moja bila kadi linakula nusu ya kile anachopata Stanojka kwa kupunguza sketi na kubadilisha zipu za majirani.

Aliposikia habari ya kiwanda, Radisav alisema slava iahirishwe. Alilisema akitazama dirisha, kwa sababu hata yeye alijua amesema upuuzi. Siku ya mtakatifu haiahirishwi.

"Basi wewe nenda tume, mimi nitawapokea watu," akasema.

"Na kifua hicho? Usimame kuanzia asubuhi, umimine, uchukue makoti, uoshe vijiko?"

"Alimpije alisimama juu ya nguzo miaka hamsini na tatu."

"Na miguu ikamfa."

"Hakukuwa na Kituo siku hizo," Radisav alisema. "Wangemfundisha kusimama."

Walicheka, kicheko cha Radisav kikageuka kikohozi, na Stanojka akamshika mgongo mpaka kilipopita. Kisha akamwambia kwamba hakuna cha kuchagua. Binti amesema tarehe kumi, ameandika, amemwona akiandika. Tarehe tisa watampokea mtakatifu, tarehe kumi ataenda kuketi magoti pamoja.

Wiki mbili zile alifanya kazi ambayo Kituo hakiihesabu kuwa kazi. Kwa suruali tatu alizopunguza kwa mwalimu mmoja alipata kokwa za kusaga na kuchanganya na ngano ya mtakatifu, ile ya kuchemshwa ambayo kila mgeni huonja kijiko kimoja. Kwa pazia za mke wa fundi bomba alipata rakija, pombe kali ya plamu, lita mbili, ya miaka minne. Kwa kuwa slava yao huangukia kwenye mfungo wa kabla ya Krismasi, meza haina nyama wala maziwa, na meza ya mfungo ikikosa samaki inakuwa meza ya hospitali. Alimshonea mlinzi wa mabwawa ya samaki makoti mawili ya kazi yenye bitana, akapewa samaki hai mmoja wa kilo tano, akamtumbukiza kwenye beseni la kuogea, na samaki akawa anaogelea humo siku mbili huku wao wakinawa kwenye sinki la jikoni.

Kila usiku kabla ya kulala alikaa kitandani, mgongo wima, mikono mapajani. Radisav alisogea ukutani, ampe nafasi.

*

Tarehe tisa asubuhi walikata mkate wa mtakatifu wawili peke yao, wakaumwagia divai, wakawasha mshumaa. Mezani Stanojka alitandika kitambaa alichokishona mwenyewe kutoka kwa vile vitambaa vya mashati walivyolipwa kiwandani, vipande arobaini vya bluu na vyeupe vilivyounganishwa hata huoni vinapokutana. Alimpaka samaki chumvi na paprika, akamwingiza jikoni kwenye oveni yenye moto mdogo, maharage juu yake. Saa sita walikuja wazee wawili wa ghorofa ya pili, wakala ngano kijiko kimoja kimoja, wakanywa, wakaketi. Radisav alisimama. Mwenye nyumba haketi siku hiyo.

Saa saba na nusu aliingia Bisenija, nywele zimetengenezwa, midomo imepakwa rangi, na hakutania mtu. Alimvuta Stanojka jikoni.

Alisimulia akitazama oveni. Tume haikukaa siku mbili. Wamemaliza saa saba, wanaondoka leo jioni. Wamewachukua wanne, naye Bisenija ni mmoja wao, nafasi nne bado ziko wazi. Jina la Stanojka lilisomwa la tatu. Predrag akauliza kama kuna barua. Tijana akafungua mdomo, Predrag akamtazama, akaufunga. Vikaratasi vya njano havikuwepo kwenye kompyuta, wamesafisha meza kwa ajili ya wageni.

"Mimi nikasema," Bisenija alisema. "Nikasimama nikasema, mkurugenzi, leo ni slava yao, mji mzima unajua. Unajua alinijibu nini? Mapumziko ya slava ni haki ya mfanyakazi. Imo kwenye sheria ya kazi. Yeye si mfanyakazi."

"Akaandika nini?"

"Akaandika hakuonyesha nia. Wamekufuta, Stano. Saa saba kasoro dakika kumi."

Stanojka alivua aproni, akaivaa tena. Predrag mwenyewe, siku ya slava yake mwezi wa Novemba, Kituo kizima kilifungwa, na karatasi ikabandikwa mlangoni. Aliikumbuka ile karatasi. Walirudi nyumbani kumi na wanane kwenye mvua na hakuna aliyelalamika, kwa sababu slava ni slava. Alitaka kukimbia Kituoni vilevile, na unga mikononi, ila Radisav alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na amesikia yote.

"Kuna watu wanapanda ngazi," akasema.

*

Walikuwa watatu. Mbele Predrag Malešev na koti la sufu, nyuma yake mwanamume mrefu mwenye miwani ambaye ndiye Bwana Ruprecht, meneja wa kile kiwanda cha kava, na nyuma kabisa Tijana, aliyeletwa kutafsiri, akitazama viatu vyake.

"Heri ya slava, mwenye nyumba," Predrag alisema, akafungua mikono.

Radisav akambusu mara tatu, kama inavyopasa, na kila busu lilimgharimu pumzi. Ungemfanyaje? Hakuna anayealikwa, kwa hiyo hakuna anayefukuzwa. Predrag alikuwa akilijua hilo kuliko padri. Wageni wa nje hupenda kuona slava ya kweli, katika nyumba ya kweli, na mkahawani mtu hulipa.

Alimweleza Ruprecht kila kitu kama mwongoza watalii kwenye makumbusho: hii ngano, huu mshumaa, huyu mwenye nyumba haketi. Ruprecht akala ngano vijiko vitatu akidhani ni supu. Predrag alikaa kiti cha mwisho wa meza, mahali pa heshima, akamshika bega Stanojka alipopita na rakija. "Na huyu," alisema, "ni mmoja wa wanawake wetu. Kituo kimemsaidia sana." Tijana akatafsiri. Wazee wa ghorofa ya pili waliinamia glasi zao. Bisenija, ambaye miaka yote ndiye aliyewanyamazisha wengine, alikuwa anahesabu nyuzi za kitambaa cha meza. Tangu saa saba alikuwa na kitu cha kupoteza.

Ruprecht naye alikuwa anakitazama kitambaa. Akashika pembe, akaigeuza, akasoma mshono kwa upande wa nyuma. Hapo Stanojka alimheshimu. Ni mtu wa kazi tu ndiye huangalia upande wa nyuma.

"Anauliza nani ameshona," Tijana alisema.

"Mimi."

"Kwa mashine gani?"

"Ya miguu, ya mama yangu. Zile za kiwandani ziliondoka na malori. Bwana Predrag anajua zilikokwenda."

Tijana alitafsiri nusu ya kwanza tu. Ilionekana wazi, maana mgeni hakugeuka kumtazama Predrag. Alisema jambo refu, akigonga meza kwa kidole.

"Anasema asubuhi ameona wanawake kumi na saba, na mkono kama huu ameuona kwa mmoja. Ana nafasi nne. Anauliza kwa nini wewe hukuja."

"Mwambie hakuonyesha nia," Predrag alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

"Nilimwambia binti huyu," Stanojka alisema. "Akaandika mbele ya macho yangu, kwenye karatasi ya njano. Mwulizeni, si huyu hapa."

Watu wote mezani walimtazama Tijana. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Vikaratasi vilikuwa vingi," alisema polepole, si kwa lugha ya mgeni bali kwa yetu.

"Mkataba wa Tijana unaisha mwezi huu," Predrag alisema, akamtabasamia. "Ana mawazo mengi, maskini. Tafsiri, mwanangu."

Tijana akatafsiri. Maneno mengi yakawa matatu. Ruprecht akauliza tena, akimwonyesha Stanojka kwa kiganja kizima, na hata asiyejua lugha aliona anauliza kwa nini asimchukue tu, basi, sasa hivi. Stanojka aligundua amesimama na mgongo wima. Predrag hakuhitaji mkalimani kwa jibu hilo, alikuwa na maneno machache ya kigeni, na yote yalihusu fedha. Kwa kila mtu anayetoka kwenye orodha ya Kituo, serikali hukilipa kiwanda. Mtu aliye nje ya orodha halipiwi. Huyu yuko nje ya orodha tangu saa saba.

Ruprecht akasema aa. Akainua viganja viwili hewani, akaiacha pembe ya kitambaa ianguke, akailaza vizuri kwa mkono. Kisha akachukua mkate.

"Anasema ni hasara," Tijana alisema.

"Yake au yangu?"

Hilo halikutafsiriwa.

Predrag alikuwa amelegea sasa, rakija ya miaka minne imemfika. Akamwambia Stanojka asikate tamaa, milango haijafungwa, yeye si mtu wa kumwacha mtu njiani. Kesho saa mbili asubuhi alete barua kwa mkono wake mwenyewe, aandike kwamba alipuuza mwito wa Kituo kwa uzembe, anaomba radhi na hatarudia. Yeye Predrag ana sahihi ya kurejesha watu, kwa mwaka huwarejesha wawili au watatu. Na kwa kuwa tarehe ishirini Kituo kina karamu ya wafadhili, watu themanini, na kwa kuwa harufu inayotoka jikoni hapa inajieleza, basi aje awapikie. Bila malipo, bila shaka, kwa kujitolea. Kujitolea kunaandikwa kwenye faili kama dalili ya nia.

"Kadi haitakatika hata siku moja," alisema. "Tunajua hali ya Radisav."

Stanojka alitazama kitambaa. Alikuwa tayari anahesabu. Themanini, samaki kumi na wawili, maharage kilo ishirini, usiku mbili bila kulala, na barua. Barua mistari minne. Amewahi kuandika mibaya kuliko hiyo kwenye karatasi za Kituo. Uzembe, hilo lilikuwa neno moja tu, na neno halitoboi mtu kifua. Alifungua mdomo kusema saa mbili atakuwa pale.

"Stanojka," Radisav alisema nyuma yake. "Lete kahawa."

Kwetu hakuna mwenye nyumba anayemwambia mgeni ondoka. Huleta kahawa. Si ile ya kukaribisha. Ni ile ya mwisho, baada ya chakula, baada ya keki, mazungumzo yakishakuwa marefu kupita kiasi. Mtu mwenye adabu akiiona anamaliza sentensi yake na kutafuta koti. Lakini huja mwisho. Katika mji wa Lipovik hakuna aliyewahi kuiona ikija kabla samaki hajatoka kwenye oveni.

Stanojka aligeuka kumtazama, aone kama anajua anachosema. Alikuwa ameegemea kabati, midomo imekuwa ya kijivu, mkono mmoja mfukoni umeshika lile kopo dogo. Anajua. Anajua hata limebaki na mivuto mingapi.

"Kwa wote?" akauliza.

"Kwa watatu."

Aliichemsha bila haraka. Alisikia sebuleni Predrag akicheka, akisema Radisav amechanganyikiwa kwa kusimama, samaki je, jamani, tunamsikia samaki. Na Radisav, kwa pumzi fupi fupi, akijibu kwamba samaki yuko jikoni na anaendelea vizuri. Alipanga vikombe vitatu kwenye sinia, akaingia, akaviweka kimoja kimoja, kwa Ruprecht, kwa Tijana, na cha mwisho mbele ya Predrag Malešev, mpini ukielekea mkono wake wa kulia.

Wazee wa ghorofa ya pili walitazama dari. Bisenija alikuwa ameinua kichwa. Sasa ndipo angeweza kuinuka naye, kumsindikiza mkurugenzi wake mpaka kwenye gari, na hakuna ambaye angemlaumu kwa sauti. Hakuinuka. Alivuta sahani tupu karibu yake na kuweka uma juu yake, kama mtu anayesubiri kupakuliwa.

Ruprecht akanywa. Akasema kitu kwa furaha.

"Anasema kahawa ni nzuri sana," Tijana alisema kwa sauti isiyo na uhai. "Anauliza kama sasa ndio tunakula."

Predrag alikitazama kikombe. Uso wake, ambao katika serikali nne haukuwahi kubadilika, uliingia madoa. Miaka yote watu walikuwa wamemtukana akiwa hayupo, na kwa hayo alikuwa na ngozi. Hili lilifanyika mezani, mbele ya wazee wawili ambao kesho watakuwa mkahawani, kwa adabu kamili, na hakukuwa na neno ndani yake la kufungulia mashtaka. Alikunywa funda moja kwa sababu kutokunywa kungekuwa aibu zaidi. Kisha akasema kwamba wana safari ndefu, akasimama.

Radisav alimletea koti lake na kumshikia akivaa.

Kwenye ngazi Ruprecht alisikika akiuliza maswali na Predrag akijibu kwa neno moja moja. Stanojka alikuwa amekwisha kurudi jikoni na kufungua oveni, alipomwona Tijana amesimama tena mlangoni, peke yake, akihema.

"Mama Stano. Amesema saa mbili bado ipo. Ukija saa mbili na barua, atasahau haya ya leo. Tafadhali. Ataniuliza ulisema nini."

Stanojka alimtazama. Koti jepesi, viatu vya kiangazi mwezi wa Desemba, mkataba wa miezi mitatu.

"Umekula?"

"Bado. Tangu asubuhi."

"Basi ingia uketi ule. Au shuka ukamwambie jibu nililiweka kwenye kikombe. Yote mawili huwezi."

Harufu ya samaki ilikuwa imejaa korido. Tijana aliitazama meza, sahani, Bisenija na uma wake, Radisav aliyekuwa anavuta dawa akiwa amegeukia ukuta. Chini honi ililia mara moja, fupi. Alisema kitu ambacho Stanojka hakukisikia vizuri, huenda ni samahani, akashuka akikimbia.

Stanojka alisubiri mpaka viatu vilipofika chini. Mlango hakuufunga, maana siku ya slava haufungwi. Aliurudishia tu, akaenda kumkata samaki.